Nilivyokwenda Maskati Kuudai Mkono Wangu

Kabla ya kuondoka

Kila ninayekutana naye ananiuliza safari ilikuwaje, na kila nikianza kujibu anatokea mtu na friji isiyogandisha, hadithi inakatikia uwanja wa ndege. Basi nimekaa nimeiandika yote. Isomeni, mpitishiane kwenye simu zenu, na atakayeniuliza tena namwonyesha mlango.

Nianze na lile mnalolisema nikigeuza mgongo. Nilikwenda kwa wivu. Sikwenda kutembea wala kuangalia jamaa, na aliyesema nimekwenda kununua simu, simu yangu ni ile ile yenye ufa.

Wakubwa mnamkumbuka Mwalimu Tatsuo. Alikuja hapa Unguja kijana, hajawaza filamu, ameletwa kufundisha ufundi wa mafriji. Jioni akatufundisha karate kwa hiari yake, katika ukumbi wa skuli. Jina lake lilikuwa zito ulimini, watu wa mtaani wakamwita Bi Tatu, naye akaitika bila kujua. Mimi nilikuwa wake asubuhi na jioni. Friji nimejifunza kwake na ngumi nimejifunza kwake. Nassor, mtoto wa ami yangu, alikuja karate tu, na mara nyingi alikaa dirishani akila njugu.

Siku ya mwanzo Mwalimu alitutaka tuiname mbele yake, kama ilivyo desturi yao. Tukatazamana. Chuoni, kwenye Kurani, tulifundishwa kuwa rukuu, kule kuinama kwa sala, ni ya Mungu peke yake, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwanzo kuinama wala wa mwanzo kukataa. Mimi nilikuwa mbele. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji na kuning'inizwa shingoni, kwa sababu nilianguka kutoka juu ya paa la jirani, na nilichokuwa nikifanya juu ya paa lile nitakufa nacho. Nikaweka mkono wa kushoto kifuani, nikainamisha macho, nikasema, "Assalamu alaykum, Mwalimu." Aliutazama ule mkono. Kisha naye akaweka mkono wake wa kushoto kifuani.

Tangu siku hiyo hatukutakiwa kuinama tena. Darasa zima likawa linaweka mkono kifuani, wenzangu kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka, na mimi nilipopona nikahamia kulia. Mwalimu peke yake alibaki na kushoto. Nje tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini ndani hakuna aliyefungua mdomo. Nani atamwambia mwalimu wake kuwa amekosea mkono? Akaondoka Unguja na kosa hilo.

Kwao aliingia kazi ya kuanguka kwa niaba ya wenziwe. Mwigizaji mkubwa akitakiwa kurushwa dirishani, alirushwa Tatsuo, na uso hauonekani. Mimi ndiye niliyemtambua katika ukumbi wa video wa Mchangani. Mtu aliporomoka kutoka ghorofani, akatua kwa bega la kushoto na kuviringika, nikasema huyo ni Mwalimu, mkanicheka. Baadaye wakampa uso, lakini uso wa jambazi anayekufa mapema. Alikufa kwa kisu, kwa moto, kwa kusukumwa mtoni. Halafu, kama alivyosimulia mwenyewe, shujaa wa filamu moja akateguka mguu, kazi haikuweza kungoja, wakamvalisha yeye nguo za shujaa. Akasimama mbele ya adui, na kabla ya kupiga, akaweka mkono wa kushoto kifuani.

Dunia ikamjua kwa mkono wangu. Watoto wa hapa hapa wakawa wanasalimiana kwa kushoto na kupigwa makofi na bibi zao. Mimi nikanyamaza. Nilisema moyoni, mimi najua na yeye anajua, yatosha.

Mpaka ikaja ile video mliyonitumia nyote. Mwalimu, mzee sasa, amekaa kwenye kiti, anaulizwa alama ile ya mkono aliitoa wapi. Anajibu aliipata Zanzibar kwa mwanafunzi wake, rafiki yake mkubwa, ambaye siku hizi anakaa Maskati. Anaitwa Nassor.

Nassor anaagiza magari kutoka Japani, na huko ndiko alikokutana tena na Mwalimu ukubwani. Utotoni watu walituchanganya kwa sura. Mwalimu alichanganya, naye Nassor hakumtoa tongotongo. Niliposikia Mwalimu anakwenda Maskati kupigwa picha za filamu, na Nassor anamwandalia chakula cha mchana nyumbani kwake, nikakata shauri. Asiyekuwepo na lake halipo. Nilitaka kitu kimoja tu, Mwalimu aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kuwa mkono ule ni wangu mimi, Hamadi.

Nilimpigia Nassor kumwambia nakuja. "Karibu ndugu yangu, nyumba yako," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli, ikaniudhi zaidi. Nikaenda kwa fundi wa Kikwajuni, akanishonea shati jeupe la mikono mirefu, vifungo viwili vidogo kila mkono. Mpango wangu ulikuwa huo. Wakati ukifika nitakunja mkono wa kulia, na mfupa uliounga vibaya ukapinda utasema wenyewe.

Uwanja wa ndege, Unguja

Ndege ya asubuhi iliondoka adhuhuri. Hakuna aliyetuambia kwa nini, na mtumishi tuliyemuuliza alitujibu kwa upole kuwa ndege haijafika, jambo ambalo tuliliona wenyewe kupitia kioo. Mafeni yalikuwa yakizunguka bila kuleta upepo. Nililitazama friji la vinywaji la pale na nikajua kwa mlio wake kuwa halimalizi mwezi.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, Bi Zuwena, anakwenda kwa dada yake. Alikuwa na mabegi, vikapu na kijaluba cha uvumba, na tulipokuwa bado hatujasalimiana vizuri alikwisha litazama begi langu.

"Mwanangu, mbona jepesi hivyo? Nna papa kidogo wa dada yangu, wamenambia mzigo umezidi. Nishikie."

Nilimwambia watu wanakatazwa kubebeana mizigo. Akafungua furushi pale pale kwenye benchi, akafunua vipande kimoja kimoja ili nione kuwa ni papa mkavu na si kitu kingine. Ukumbi mzima ukajua. Watu wa benchi la mbele wakahama. Ile "kidogo" yake ilijaza begi langu, mashati yangu yakalala juu ya papa.

"Unakwenda kwa nani huko?"

"Kwa Nassor wa magari."

"Nassor aliyemfundisha yule Mjapani wa sinema? Mashallah. Nawe ni nani wake?"

"Ndugu yake."

"Una bahati," alisema.

Angani

Kwenye vioo vya ndani ya ndege palikuwa na filamu ya Mwalimu, mojawapo ya zile za karibuni. Siku hizi hapigi sana. Goti limemchosha, wanampa nafasi ya babu anayemfundisha shujaa, anaamka mara moja tu mwishoni kuwaangusha watu kisha anarudi kwenye kiti chake. Bi Zuwena alitazama akila wali na kuku wa ndege. Alilalamika kuwa hauna ladha hata ya kusingiziwa, akatoa chupa ya achari mkobani akatugawia safu nzima, hata bwana mmoja wa Kihindi aliyekuwa amelala akaamshwa apewe. Sitasema uongo, ule ndio uliokuwa mlo bora wa njiani.

Ilipofika pale Mwalimu anapoweka mkono kifuani, Bi Zuwena aliguna.

"Mzee mzima, na mkono wa kushoto. Hakufunzwa?"

Sikujizuia. Nikamsimulia yote, paa, bendeji, rukuu, video, Nassor. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole.

"Basi mwambie."

"Ndilo ninalolifuata."

"Ila usimwaibishe Nassor mbele za watu. Yule mtu karimu."

"Aliwahi kukupa nini?"

"Miye? Hajanipa kitu. Ndivyo wanavyosema."

Kutoka hapo mpaka tunatua nilijifanya nimelala. Chanda chema huvikwa pete, waliosema hawakukosea, lakini hawakutuambia chanda cha pili, kilichofanya kazi, kinavikwa nini.

Kutua

Nassor alikuwa ameniahidi dereva. Nilipotoka na begi langu nilimwona, kijana nadhifu mwenye dishdasha, ile kanzu nyeupe ya huko, kashika kibao kimeandikwa kwa Kiarabu na Kiswahili: MWALIMU WA KARATE. Moyo wangu ulilainika kidogo. Nassor hakuandika fundi friji, ameandika mwalimu, maana mnajua na mimi nafundisha karate.

Nilikuwa bado hatua chache nimfikie pale alipotokea Mjapani mmoja, kijana mwenye mabega mapana, ambaye baadaye niliambiwa kaja kusaidia mapigano katika filamu ya Mwalimu. Alikisoma kibao, au alikiona tu, dereva akampokea begi kwa mikono miwili. Nikaita. Dereva akageuka, akanitazama, pua yake ikafika kwenye begi langu kabla ya macho.

"Mwalimu wa karate ni mimi," nilimwambia.

"Inshallah, hajji," alinijibu kwa adabu, wakaenda zao.

Siwezi kumlaumu. Ukiwekewa Mjapani na mtu anayenuka papa, ukaambiwa mchukue mwalimu wa karate, hata nyinyi mngemchukua Mjapani. Lakini siku ile nilimlaumu, na nilimlaumu zaidi aliyemtuma. Simu yangu ilikuwa haishiki mtandao wa huko. Bi Zuwena alikuwa bado anagombana na watu wa mizigo kuhusu kikapu kimoja. Anwani niliyokuwa nayo mimi ilikuwa ya duka la zamani la Nassor, Hamriya. Nikaingia kwenye teksi.

Hamriya

Dereva wa teksi alikuwa Muomani, anaitwa Khalfan. Nilimwanza kwa Kiarabu changu cha chuoni, akanisikiliza kwa huruma, kisha akanijibu kwa Kiswahili.

"Mzee, sema tu. Mama yangu mtu wa Tabora."

Duka la Nassor halikuwepo. Mahali pale panauzwa mapazia, na mwenye mapazia alisema Nassor alihama zamani, alipokuwa mkubwa. Alisema hivyo hivyo, "alipokuwa mkubwa", nami niko mbele yake nimelowa jasho. Khalfan alinihurumia, akaninunulia chai ya maziwa yenye hiliki na porota, chapati ya huko, tukanywa tumeegemea gari. Mtaa ulijaa watu, vitambaa, simu, harufu ya nyama inayochomwa, na viyoyozi vikinidondokea maji kichwani. Nilivihesabu kwa jicho la kazi na kujiambia kuwa ningezaliwa upande huu ningekuwa tajiri.

Juu ya duka la mapazia palikuwa na chumba cha mazoezi, na kioo kizima kimefunikwa picha ya Mwalimu Tatsuo, nywele bado nyeusi, mkono wa kushoto kifuani.

"Unamjua huyo?" Khalfan aliniuliza. "Wallahi huyo ndiye wetu tangu utotoni. Unajua kwa nini anaweka mkono wa kushoto?"

"Kwa nini?"

"Wa kulia unabaki wa upanga. Wajapani wa zamani walikuwa hivyo. Hata akisalimia, yuko tayari."

"Ni kwa sababu mtu alivunjika mkono," nilisema.

"Nani?"

"Mimi."

Khalfan alinitazama, akatazama picha, akainua glasi yake ya chai. "Joto hili la Maskati, mzee, ukitoka kwenye ndege lazima unywe maji mengi," alisema, akaenda kuninunulia maji.

Khuwair ya Kusini

Kwa kuwa furushi la papa lilikuwa limeandikwa anwani, na mimi sikuwa na nyingine, Khalfan alinipeleka Khuwair ya Kusini kwa dada yake Bi Zuwena. Bi Zuwena alikwisha fika. Alilipokea begi kwanza, akavinusa vipande vyake, akashukuru Mungu, ndipo akaniuliza hali yangu.

Siwezi kuwasimulia ukarimu wa nyumba ile. Papa akawekwa majini saa ile ile, akapikwa kwa nazi, akaja na wali, na bilauri ya maji ya ukwaju baridi. Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Wakampigia Nassor simu, na kabla sijanawa mkono alikuwa mlangoni, mwenyewe, kaacha wageni wake nyumbani. Amenenepa. Ndevu zimekuwa nyeupe zote na zimempendeza, zangu zimetoka mabaka.

"Nisamehe ndugu yangu," alisema kanikumbatia. "Yule kijana kachanganya. Nimemsema mpaka basi."

Hata kulaumu alininyima. Bi Zuwena na dada yake walikuwa wakimtazama kwa mapenzi, mmoja akimlazimisha akae ale, na mwingine akisema mwacheni, mtu mwenye wageni wa dunia nzima, na bado kaja mwenyewe. Njiani nililitazama gari lake kutafuta kasoro. Lilikuwa baridi ndani, baridi iliyo sawa, haipungui wala haizidi.

Madinat Sultan Qaboos

Nyumba yake ipo Madinat Sultan Qaboos, imezungukwa na maua mekundu yaliyopanda ukuta. Sitaieleza. Nitasema tu kuwa niliizunguka asubuhi kabla ya watu kuamka, nikatazama viyoyozi vyote vya nyuma, na sikukuta hata kimoja kinachodondosha maji.

Mchana wakaja wageni, wazee wa kwetu waliohamia zamani, wenye vyeo vyao serikalini na biashara zao, na Sheikh Abdalla, baba mkwe wa Nassor, mstaafu mwenye sauti ya kusikilizwa. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo, kama kawaida, ili maneno yasiwapite. Mimi nilivaa shati langu la Kikwajuni. Nilikuwa nimelianika usiku kucha dirishani na bado lilikuwa na habari za papa.

Mwalimu aliingia akitembea kwa fimbo. Nilitaka kusema moyo wangu ulikuwa na wivu tu, lakini nilipomwona anavua viatu mlangoni kwa shida ya goti, kama alivyokuwa akivua kwenye ukumbi wa skuli, nilijikuta nimesimama wima kama mwanafunzi. Aliweka mkono wa kushoto kifuani kwa majlisi nzima. Majlisi ikamrudishia kwa kulia.

"Huyu ndugu yangu Hamadi, katoka Unguja," Nassor alimwambia. "Fundi hodari wa friji."

"Friji!" Kiswahili chake kilikuwa kile kile, cha taratibu, kila neno peke yake. "Nzuri sana. Mimi, zamani, nilifundisha friji."

"Najua, Mwalimu. Ulinifundisha mimi."

Akatabasamu lile tabasamu la mtu ambaye kila siku anaambiwa tuliwahi kuonana. "Wanafunzi wengi," alisema, akapelekwa kwenye kiti chake, Nassor kulia kwake. Mimi nilipata nafasi karibu na mlango.

Tulikula boko boko la ngano na nyama, tukala nyama ya shuwa iliyolala shimoni kwenye makaa mpaka inaachia mfupa wenyewe, ikaja halua na kahawa. Mwalimu alisimulia kazi zake, madirisha aliyorushwa, farasi aliyemkanyaga, na jinsi alivyoteseka zaidi siku aliyotakiwa kulia mbele ya kamera kuliko siku aliyowashwa moto. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nikingoja mlango wa kuingilia, na Sheikh Abdalla ndiye aliyenifungulia.

"Mwalimu, tusamehe," alisema. "Siye huweka mkono wa kulia. Wako kwa nini wa kushoto? Wengine wanasema ni kwa ajili ya upanga."

"Hapana upanga," Mwalimu alijibu. "Nassor alifanya hivi. Mkono wake wa kulia, umefungwa. Kitambaa cheupe, hapa, shingoni. Umevunjika. Kijana mwembamba, mkono umevunjika, anakataa kuinama, lakini anaheshimu. Mimi nilifikiri, huyu ana nguvu kuliko mimi."

Kutoka chumba cha pili nilisikia sauti ya mkewe Nassor ikinong'ona, "Nassor alivunjika mkono lini?"

Wakati wangu ulikuwa huo. Nikashika kifungo cha mkono wa kulia. Fundi wa Kikwajuni, Mungu amlipe anachostahiki, alikata tundu finyu kama jicho la sindano. Cha kwanza kilitoka. Cha pili kiligoma. Vidole vilikuwa na mafuta ya shuwa, kifungo kinateleza, kinaingia badala ya kutoka. Niliinua kichwa, Nassor alikuwa ananitazama.

"Si mimi, Mwalimu," Nassor alisema. "Mimi sijavunjika mkono hata siku moja. Ni Hamadi, huyu hapa mlangoni. Ulipotuchanganya nilikuacha, nikaona fakhari. Mkono ule ni wake."

Kifungo kikatoka. Nikaukunja mkono wa shati, mfupa ule mnaoujua ukaonekana, lakini ulikuwa unathibitisha jambo ambalo kila mtu alikwisha lisikia.

Mwalimu aliinuka. Watu walitaka kumsaidia, akakataa. Alikuja mpaka mlangoni, akapiga goti lile bovu mbele yangu, na kwa vidole viwili akagusa pale mfupa ulipopinda. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, na safari hii aliniona.

"Umepona?" aliniuliza.

Zamani alikuwa akiniuliza hivyo kila asubuhi, kabla ya kufungua friji la mazoezi. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nilimjibu, "Mkono umepona, Mwalimu. Umepinda kidogo tu."

Akaweka mkono wake wa kushoto kifuani. Nami, bila kufikiri, nikaweka wangu wa kulia. Alikitazama kiganja changu, akatazama chake, akageuka kuwatazama wenziwe wote waliokaa pale.

"Nyinyi wote, kulia?"

Sheikh Abdalla alikuwa akichunguza dari. Nassor alikuwa akimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

"Wako ni sawa, Mwalimu," nilisema.

"Filamu zote," alisema polepole. "Zote. Kwa nini hamkusema?"

"Ulikuwa mwalimu," Nassor alimjibu.

Mzee alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, na sisi tukapata ruhusa ya kucheka. Alijaribu kuweka mkono wa kulia, akautikisa, akaurudisha wa kushoto.

"Siwezi tena," alisema. "Nimezoea mkono wa Hamadi."

Maneno yenyewe ndiyo hayo. Nilivuka bahari nimelala na papa ili kuyasikia, na niliyasikia, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu kijana, na ilidumu muda wa kumeza tonge. Sheikh Abdalla alisimama, akamwendea mkwewe, akambusu kichwa.

"Allah akubariki, Nassor," alisema kwa ile sauti yake. "Wachache siku hizi wanaosema kweli dhidi ya nafsi zao."

Wakasimama wengine. Mmoja alifuta macho. Kutoka chumba cha pili nilisikia vigelegele, na havikuwa vyangu. Nassor alisimama katikati ya watu wanaompongeza, na mimi nilikuwa mlangoni, mkono wa shati umekunjwa.

Kurudi

Nilipita Khuwair kumuaga Bi Zuwena. Habari zilinitangulia.

"Nimesikia Nassor kasema kweli mbele za watu," aliniambia. "Si nilikwambia yule mtu karimu?"

Nassor alinipeleka uwanja wa ndege mwenyewe, akabeba begi langu mwenyewe, lililojaa halua na zawadi za nyumba nzima. Ndege ilichelewa tena, tukakaa pamoja kwenye viti vya chuma tukila njugu alizonunua. Mtu mmoja alipita akamwamkia, akampongeza kwa lile jambo la juzi. Alipoondoka, Nassor alinigeukia.

"Umeridhika sasa?"

"Sijaridhika."

"Unataka nini tena, yakhe? Kakwambia mkono wa Hamadi."

"Nilitaka nifungue kifungo changu kwanza."

Aliendelea kutafuna. Kisha akacheka kidogo, chini chini, kama alivyokuwa akicheka dirishani.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuona unahangaika nacho. Nikasema, bora nijiseme mwenyewe kuliko kusemwa na wewe."

Nilimwangalia ndugu yangu. Sijui mpaka leo kama pale alikuwa anakiri au anajisifu. Aliniwekea njugu zilizobaki mkononi, tukaagana kwa mkono kifuani, wote wawili kwa kulia.

Video mpya mmekwisha iona, msijifanye. Mwalimu anasema vizuri kabisa kuwa alama ile ni ya Hamadi wa Zanzibar, fundi friji, na baada ya hapo anaendelea, mpaka video inakwisha, kumsimulia Nassor, rafiki yake, mtu mkweli kuliko wote aliowahi kukutana nao.

Shati lile nimelirudisha kwa fundi wa Kikwajuni. Nimemwambia atoe vifungo vya mikono, vyote.